Je, wajua? Ile "miaka 123 mpaka usawa" inapigwaje hesabu

Ikikaribia Machi 8 lazima ukutane nayo hii namba, eti dunia imebakiza miaka 123 ndo mwanamke na mwanaume wawe sawa. Inasomwa redioni, inarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na watu wanaipokea kama vile jambo limeshapangwa, wewe kaa subiri tu. Hapa Tanga utawasikia mpaka mabinti wa chuo wanasema basi hata vitukuu vyetu havitauona huo usawa, sasa tunahangaika nini. Hapo ndo panaponiuma, kwa sababu namba yenyewe haisemi hivyo hata kidogo.

Inatoka kwa Jukwaa la Uchumi Duniani, wale wa mikutano ya Davos. Tangu 2006 wanatoa ripoti ya pengo la kijinsia, wanaangalia uchumi, elimu, afya na siasa kwa vipimo 14, wanalinganisha wanawake na wanaume wa nchi hiyohiyo, wanapata asilimia. Ripoti ya 2025 ilikuwa na nchi 148 na ikasema pengo limezibwa kwa asilimia 68.8. Imebaki 31.2. Sasa wanachukua zile nchi 100 ambazo zimekuwemo tangu mwanzo, wanaangalia pengo limekuwa likizibika kwa kasi gani kila mwaka, wastani wake ni kama robo ya asilimia moja hivi, halafu wanagawanya. Hiyo 31.2 ukiigawanya kwa robo unaangukia miaka mia na ishirini na kitu. Basi, hesabu imeisha. Hakuna aliyeuchungulia mwaka 2148 akaona kitu.

Chukulia umepanda basi pale Kange unaenda Dar. Mpaka Segera ni kama kilomita 70, lakini gari imesimama Pongwe, imesimama Muheza imepakia machungwa, imesimama Hale, mmefika Segera mmetumia saa mbili na nusu. Jirani yako anatoa simu anapiga hesabu: tumeenda kilomita 28 kwa saa, zimebaki kama 280, kwa hiyo bado saa kumi. Hesabu yake haina kosa lolote, ukiirudia utapata jibu lilelile. Ila anachokwambia ni namna mlivyotoka Kange mpaka Segera. Kuhusu barabara ya mbele hajui kitu, hajui kama dereva ataacha kuokota abiria njiani, hajui kama gari itaharibika Mkata mkalala hapohapo. Akisema "kwa mwendo huu" yuko sahihi kabisa. Wewe ukisikia "tutafika saa kumi zijazo, imeandikwa", hapo umeongeza neno ambalo yeye hakulisema. Na kwenye ripoti hayo maneno "kwa mwendo huu" yapo, yanadondoka tu njiani kabla habari haijafika kwenye magrupu yetu.

Ushahidi kwamba si utabiri ni jinsi namba inavyoruka. Ripoti ya 2020 ilisema miaka 99.5, ya 2021 ikasema 135.6, yaani mwaka mmoja umepita na safari imerefuka kwa miaka 36. Ya 2024 ikasema 134, iliyofuata ikashuka mpaka 123. Wastani ukiguswa kidogo tu jibu linahama sana, kwa sababu unagawanya kwa kitu kidogo mno. Kwa hiyo hata ikishuka vizuri namna hiyo tusiisherehekee haraka.

Halafu ndani ya hiyo namba moja kuna mambo manne yasiyofanana kabisa. Afya imefika asilimia 96.2, elimu 95.1, hayo yamekaribia kuisha. Uchumi uko 61.0. Siasa iko 22.9, na kwa mwendo wake peke yake inahitaji miaka 162. Cha kushangaza, na mimi nakiona kitamu sana, ni kwamba siasa iliyo nyuma kuliko zote ndo inayoweza kuruka kwa uamuzi mmoja. Rwanda katiba yao ya 2003 iliweka angalau asilimia 30 ya wanawake kwenye vyombo vya maamuzi, mwaka huohuo wanawake wakawa asilimia 48.8 ya bunge, na 2008 wakafika 56.3, bunge la kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Hiyo robo ya asilimia kwa mwaka hapo inahusu nini?

Kwetu nako katiba inataka wabunge wanawake wasipungue asilimia 30, ndo maana kuna viti maalum. Watu wanavidharau sana, ila Ummy Mwalimu alianzia huko 2010, na 2020 akachukua jimbo la Tanga Mjini kwa kura. Mfano mmoja hauthibitishi kwamba viti maalum ni ngazi kwa kila mtu, hilo nalikubali, na tena kiti hakilingani na jimbo, maana Waziri Mkuu kikatiba lazima awe mbunge wa jimbo. Lakini ripoti inawahesabu wote sawasawa. Inahesabu pia kati ya miaka 50 iliyopita ni mingapi nchi imeongozwa na mwanamke, kwa hiyo tangu Samia Suluhu Hassan aapishwe Machi 2021, kila mwaka akiwa Ikulu alama yetu inapanda hapo hata kama kijijini Moa, wilaya ya Mkinga, hakuna kilichobadilika.

Na Moa ndo napotaka tufike. Kwa wanawake wa huko wanaolima mwani, umiliki wa ardhi haumo kwenye vile vipimo 14, saa za kuchota maji hazimo, kikoba hakimo. Kwenye ardhi sheria iliruka zamani, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ileile ya mwanaume kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na baraza la ardhi la kijiji lenye watu 7 lazima wanawake wawe 3. Halmashauri nazo kisheria zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 ikiwa ya vikundi vya wanawake. Kwa hiyo kasi ya kijijini kwako unaweza kuipima mwenyewe bila kusubiri Davos: ulizia hao watatu wa barazani ni kina nani na kama wanaitwa kikao kikikaa, na nenda ofisi ya maendeleo ya jamii uulize asilimia 4 ya mwaka huu imeenda kwa vikundi gani.