Wasemaji wengi, pato dogo: hali halisi ya filamu za Kihausa

Wengi huamini kwamba Kannywood, tasnia ya filamu za Kihausa yenye makao yake Kano, kaskazini mwa Nigeria, lazima iwe na fedha tele, kwa sababu Kihausa kina wasemaji makumi ya milioni, hadi Niger, Ghana na Kamerun. Hoja ina mantiki. Lakini fedha ya mtazamaji lazima ipate njia ya kumfikia mtayarishaji.

Tangu miaka ya 1990, filamu hizi zimetazamwa zaidi nyumbani kuliko kwenye majumba ya sinema. Wanawake ni mashabiki wakubwa, na mwanamke kwenda sinema Kano kumeonekana kwa muda mrefu kuwa jambo la aibu. Basi pato lilitegemea kanda za VHS, baadaye CD, zilizouzwa sokoni. Nakala moja ilizunguka kwa ndugu na majirani, na za wizi zikafuata. Simu zilipoenea, kijana mwenye kompyuta kibandani akawa anajaza filamu kwenye memori kadi kwa malipo kidogo, na mtayarishaji haoni hata senti. Naamini hilo liliumiza kuliko hata udhibiti mkali wa maudhui.

Sasa tamthilia nyingi zimehamia YouTube. Jipimie mwenyewe kama zinaingiza pato: fungua kipindi kimoja, hesabu matangazo yanayokikatiza, angalia bidhaa za wafadhili zinazoonyeshwa. Usitegemee idadi ya watazamaji peke yake, maana tangazo linalotazamwa Nigeria kwa kawaida hulipa kidogo kuliko linalotazamwa Ulaya.