Skrini nyeusi si lazima iwe Windows

Laptopu ikiwaka taa, feni ikizunguka, lakini skrini ikabaki nyeusi, wengi husema, "Ipigwe Windows upya." Mara nyingi ushauri huo hausaidii kitu. Windows imekaa kwenye diski, na haisomwi mpaka mashine imalize kujikagua yenyewe. Nembo ya mtengenezaji nayo kwa kawaida hutokea kabla ya hapo. Kama hata nembo huioni, shuku vifaa kwanza.

Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi ili umeme uliobaki ndani uishe. Rudisha chaja, ujaribu. Bado? Unganisha televisheni kwa waya wa HDMI: picha ikionekana huko, kwa kawaida mashine ni nzima, na tatizo liko kwenye skrini au waya wake. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kibao kidogo kilichochomekwa ndani) iliyolegea nayo huleta giza hilohilo. Kuichomoa na kuirudisha vizuri huweza kutosha.

Nembo ikitokea halafu ikakwama, hapo ndipo Windows au diski hushukiwa. Hata hivyo, okoa mafaili kwanza, maana fundi mwenye haraka huyafuta yote.