Nyoka wa maji: jina la mwenendo, si la ukoo

Ukichimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba, iwe Bukoba, Kisumu au Entebbe, vyura watafika kabla hujamaliza kupandikiza vifaranga. Baada ya vyura hufika anayewafuata. Asubuhi unatoka na ndoo ya pumba kwenda kulisha sato, unaona kitu mfano wa kamba kimejinyoosha juu ya tuta, na kabla hujaita mtu kimeshateleza majini. Jirani akisikia husema, "Huyo ni nyoka wa maji tu, hana sumu."

Huenda kweli ni nyoka wa maji. Hilo la kukosa sumu ndilo linalonifanya niandike.

Tunaposema "nyoka wa maji" hatutaji aina moja ya nyoka wala ukoo mmoja. Tunataja namna ya kuishi. Ni sawa na kusema "ndege wa majini": bata yumo, mnandi yumo, korongo yumo, na hawa hawana undugu wa karibu. Kinachowaweka pamoja ni mahali wanapotafutia riziki. Nyoka wa maji, kwa hiyo, ni nyoka yeyote ambaye chakula chake kikubwa hukipata majini au ukingoni, na ambaye akitishwa hukimbilia majini badala ya kichakani. Jina halisemi lolote kuhusu meno yake.

Ziwa Tanganyika linaonyesha jambo hili kuliko mahali pengine ninapopajua. Humo wamo nyoka wawili, wote wala samaki, wote waogeleaji hodari. Mmoja ni mdogo, wa rangi ya kijivu au kahawia mgongoni na manjano hafifu tumboni, na hana sumu. Hukamata samaki na kumbana kwa mwili wake. Wa pili ni fira wa majini, mkubwa zaidi, kahawia, mwenye mikanda myeusi shingoni. Huyu ana sumu kali ya ukoo wa fira, ingawa si mchokozi na mara nyingi hujiondokea tu. Huzama hadi kina cha mita 25 na kukaa chini kwa takriban dakika 10 bila kuvuta hewa. Wote wawili, kwa haki kabisa, ni nyoka wa maji.

Kwenye mabwawa ya kanda ya Ziwa Victoria, mkubwa anayeonekana mara nyingi ni yule ambaye wataalamu humwita Grayia. Anaweza kupita mita moja na nusu, mwili mnene, na wavuvi humkuta amenasa kwenye nyavu. Watu humwogopa sana kwa ukubwa huo, na hana sumu. Kisha yupo nyoka mdogo wa vinamasi, rangi ya zeituni, asiyezidi sana nusu mita, anayeishi karibu kila penye majani mabichi na vyura wadogo. Ukimshika mkia hukatika ukabaki mkononi, naye akatoroka. Lakini tofauti na mjusi, mkia wake hauoti tena. Ndiyo maana wengi wao utawaona wakiwa na mkia butu. Na yupo nyoka wa kijani, mwembamba, anayekula vyura na samaki wadogo, hana madhara. Masikini huyu hulipa deni lisilo lake, kwa sababu pwani huuawa akidhaniwa ni mamba wa kijani, nyoka mwenye sumu kali. Waliosema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka walijua, lakini unyasi nao haustahili kupigwa rungu.

Sasa tuutazame mwenendo wenyewe, maana mengi yanayotutisha yana sababu nyepesi.

Nyoka wa maji si samaki. Hana matamvua. Hupumua hewa kwa pafu moja refu linalokwenda mbali ndani ya mwili, kwa hiyo hata mzamiaji bora lazima apande juu. Kile kichwa kidogo unachokiona katikati ya bwawa, kimetulia kama kijiti, ni cha nyoka anayevuta pumzi na kuangalia. Hakutazami wewe kwa nia mbaya. Ukisogea ghafla atazama, ukisimama atabaki.

Kuhusu jua: mwili wa nyoka haujitengenezei joto kama wetu, huliazima. Asubuhi huota jua juu ya tuta, jiwe au bomba la kuingizia maji. Jua likikaza hujificha kwenye magugu au chini ya mawe. Usiku, ardhi ikishapoa, maji huwa bado yamehifadhi joto la mchana, na ndio wakati vyura wanapopiga kelele. Kwa hiyo anayechota maji bwawani usiku bila tochi anapita pale hasa nyoka wengine wanapowinda.

Akikamata samaki, kwa kawaida humgeuza ammeze kuanzia kichwani ili mapezi yalale. Perege ana miiba mgongoni na kambale ana mwiba kila upande karibu na kichwa. Akimezwa kinyume, hukwama kooni. Samaki akiwa mkubwa, nyoka humburuta hadi ukingoni na kummezea nchi kavu. Hapo ndipo mfugaji humkuta na kuapa kwamba nyoka anamaliza bwawa. Ni kweli hula vifaranga, na hasara hiyo siidharau, lakini sato aliyefikia ukubwa wa sahani huwashinda nyoka wengi wa ukubwa wa kawaida.

Wote niliowataja hutaga mayai, na huyataga nchi kavu: kwenye majani yanayooza, shimo la zamani, chini ya gogo. Rundo la magugu uliyoyang'oa bwawani na kuliacha kando, lenye unyevu na joto, ni mahali pazuri sana kwao.

Nasisitiza mayai kwa sababu maelezo mengi yanayozunguka mitandaoni yanahusu nyoka wa Marekani. Nyoka wao wa maji, wa jamii ya Nerodia, huzaa watoto hai, na mwenye sumu wanayemhofia majini ni aina ya kipiribao, nyoka wa jamii moja na kifutu, ambaye huelea mwili wote ukiwa juu. Kutoka huko ikaja kanuni kwamba nyoka akielea ana sumu, akizama hana. Usiilete kwetu. Fira wa Tanganyika ana sumu kali, naye ni mzamiaji hodari. Tena nyoka karibu wote huogelea: chatu hupenda kujilaza majini, fira wa msituni hula hata samaki, na kifutu huvuka mto akilazimika. Kumkuta majini hakukuambii ni nani.

Basi bwawani kwako, fyeka kingo, ondoa marundo ya mawe na magugu, tembea na tochi na fimbo, na usitie mkono kwenye shimo au chini ya jiwe usiloliona. Usipite katikati ya nyoka na maji, kwa kuwa hiyo ndiyo njia yake ya kukimbilia. Mtu akiumwa, mtulize, mvue pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na afike hospitali haraka. Kamba ya kubana, wembe, kunyonya na jiwe jeusi vyote viacheni. Huchelewesha na huumiza.

Jambo la mwisho ni nyavu tunazotandaza juu ya bwawa kuzuia mnandi. Zikichakaa na kulegea hadi majini, nyoka hunasa, magamba yakashikwa na nyuzi, akafa taratibu juani. Zikaze, au zitoe. Ukimkuta bado hai, usimchomoe kwa mkono, kwani hata asiye na sumu huuma akibanwa; watafute maofisa wa wanyamapori au mtu aliyefunzwa kushika nyoka, na watoto wakae mbali mpaka atakapofika.