Kujisemesha michezoni: ni nini, na kunapunguzaje wasiwasi

Kujisemesha ni maneno ambayo mchezaji anajiambia mwenyewe, kwa sauti au kimoyomoyo, kabla ya mchezo na wakati mchezo unaendelea. Kila mchezaji anafanya hivyo. Anayesogelea mpira wa penalti huku moyoni anasema "nikikosa hii nimekwisha" tayari anajisemesha, ila maneno hayo hakuyachagua, yamemjia tu. Wanasaikolojia wa michezo wanapozungumzia kujisemesha kama mbinu, wana maana ya kuyachagua maneno mapema na kuyafanyia mazoezi.

Maneno yenyewe huwa ya aina mbili. Kuna ya maelekezo, kama "tazama mpira" au "kiwiko juu", na kuna ya hamasa, kama "naweza" au "bado nina nguvu". Mwaka 2011 mtafiti wa saikolojia ya michezo Antonis Hatzigeorgiadis na wenzake walikusanya tafiti 32 na kukuta kwamba mbinu hii inaboresha uchezaji kwa kiasi cha wastani. Katika kazi za kulenga na zinazohitaji miondoko midogo ya ustadi, maelekezo yaliishinda hamasa. Hamasa ina nguvu yake penye uvumilivu: katika utafiti wa mwaka 2014, watu waliofunzwa kujisemesha kwa majuma mawili waliendelea kukanyaga baiskeli kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuishiwa nguvu, tena wakiona kazi ni nyepesi kuliko mwanzo.

Wasiwasi unapunguaje? Akili haiwezi kushika mambo mengi kwa wakati mmoja. Neno fupi linaloelekeza la kufanya sasa hivi linaichukua nafasi ambayo ingejazwa na matokeo, mashabiki au kosa la dakika tano zilizopita. Pia maneno hubadili tafsiri ya mwili. Moyo kwenda mbio na viganja kutoa jasho vinaweza kusomwa kama "naogopa", au kama "mwili umejiandaa". Mapigo ni yale yale, lakini mchezaji anayeyasoma kwa namna ya pili anaingia uwanjani na imani. Hapa ndipo kujiamini kunapojengwa, na kwangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Jihadhari na makatazo. Anayejiambia "nisipaishe" ameshaiambia akili ifikirie kupaisha, na wakati mwingine mpira unakwenda huko huko. Afadhali "piga chini, kona ya kushoto". Jambo jingine lenye manufaa ni kujiita kwa jina. Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojisemesha kwa jina lao badala ya "mimi" walistahimili vizuri zaidi shinikizo la kuhutubia mbele ya wengine. Hiyo haikuwa michezo, lakini hofu ya kutazamwa na watu ni ile ile.

Kujisifu kusikokuwa na msingi hakusaidii. Mchezaji ambaye hajajiandaa akijiambia "mimi ni bora kuliko wote", moyo wake unajua ukweli. "Nimeshafanya hili mazoezini" lina uzito zaidi, mradi ni kweli. Ndiyo maana neno lazima lizoeleke mazoezini kwanza, likiambatana na tendo lile lile kila mara. Likianza kutumika siku ya fainali, litapotea pamoja na utulivu. Kocha wa vijana aanze na neno moja kwa kila mchezaji, na amwachie mchezaji mwenyewe alichague.