Tumbawe jeupe bado lina uhai

Kila maji ya bahari yanapopata joto, kati ya Machi na Aprili, kaskazi imekata na kusi haijashika, natumiwa picha zilezile: mwamba mweupe, chini yake maneno "matumbawe yetu yamekufa". Mwaka 2024 zilizidi, na mwaka huu zimeanza tena.

Hayajafa. Tumbawe lililopauka limeutoa mwani wa seli moja unaoishi ndani ya nyama yake, ambao ndio chanzo cha rangi yake na cha sehemu kubwa ya chakula chake. Nyama inayobaki inapitisha mwanga, kwa hiyo weupe unaouona ni wa mifupa ya chokaa iliyo chini yake. Lina njaa kali, lakini joto likishuka mapema mwani hurudi.

Zama, sogea, tazama polipi, yaani wanyama wadogo wanaounda tumbawe. Ukiona minyiri, au utando laini juu ya mifupa, huyo mnyama yu hai. Aliyekufa hakai mweupe muda mrefu: mwani wa nyuzinyuzi humwotea upesi, akawa kijani chafu, kisha kahawia. Ndiyo maana mwamba uliokufa kweli hakuna anayeupiga picha. Watu wanaogelea juu yake wakidhani ni mzima kwa kuwa una rangi! Hili ndilo linaloniumiza. Tunalia pale penye matumaini, tunanyamaza kwenye kaburi. Tena si kila weupe ni wa joto. Kiti cha pweza chenye miiba, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, hula nyama ya tumbawe na kuacha kovu jeupe lenye mpaka dhahiri.

Aina nazo hazilingani: Acropora za matawi hufa mapema, Porites za mabonge huvumilia. Joto kali la bahari la mwaka 1998 lilionyesha hivyo.

Niliingia fani hii ya kupima matumbawe kwa kumpenda mnyama huyu anayejijengea mji, na bado ni mchanga kazini, lakini shaka moja nitaisema wazi. Tumbawe likiwa limekufa upande mmoja na kupauka upande mwingine, wapimaji wawili kwenye transekti moja, yaani mstari mmoja wa kupimia, hatuandiki asilimia ile ile ya upaukaji. Na kipimo cha wakati wa joto hakisemi wangapi watapona. Lazima kurudi baada ya miezi, wakati fedha za mradi mara nyingi zimekwisha. Hata waliopona, sijui kama mwaka unaofuata watakuwa na nguvu ya kutaga mayai.

Kwa hiyo unayenitumia picha ya Aprili, nitumie na ya Agosti, ya tumbawe lilelile.