Kishikwambi chenye kibodi si laptopu

Kauli ni ileile kila mara: "Kazi ninazofanyia nyumbani ni za hapa na pale tu. Nitanunua kishikwambi, nitakipachika kibodi, basi nina laptopu." Huna. Watu wengi mno wamelipa mara mbili kwa kuamini hivyo, kwanza kishikwambi, halafu laptopu baada ya miezi michache. Ndiyo maana dhana hii inajibiwa hapa kwa kirefu, na nyingine zitapata zamu fupi.

Dhana: Kibodi inageuza kishikwambi kuwa laptopu

Kibodi inaingiza maandishi, basi. Kinachoamua kazi ipi itafanyika ni mfumo endeshi (kama Windows, iPadOS au Android) na programu zinazokubali kukaa juu yake. Tazama chipu ya M1 ya Apple: iliingia kwenye MacBook Air mwishoni mwa 2020, na mwaka 2021 ikawekwa kwenye iPad Pro. Chipu ni hiyohiyo, lakini iPad ile haiendeshi programu za macOS, mfumo wa kompyuta za Mac. Kwa hiyo muuzaji akikwambia prosesa ya kishikwambi ni sawa na ya laptopu, huenda anasema kweli, ila hajajibu swali lako.

Chukua faili moja la Excel la ripoti ya mwisho wa mwezi. Jina lake linaishia na .xlsm, na juu kulia kuna kitufe cha kukokotoa. Kwenye laptopu ya Windows au Mac yenye Excel kamili unabofya kitufe, makro (amri zilizopangwa ndani ya faili zijitekeleze zenyewe) inafanya kazi, ripoti inajijaza. Kwenye kishikwambi faili litafunguka vizuri kabisa: namba zipo, rangi ziko mahali pake, hata kitufe unakiona. Ukikigusa, hakuna kinachotokea. Excel ya iPad na ya Android haiendeshi makro za VBA (lugha zinayoandikiwa), na Excel ya kwenye kivinjari nayo haiziendeshi. Mtego uko hapo: mtu anajaribu kifaa dukani, faili linafunguka, anafurahi, analipa. Kufunguka kwa faili si kipimo. Kipimo ni kuimaliza kazi yenyewe na kuirudisha ofisini ikiwa sahihi.

Word nayo ina yake. Barua moja inayotakiwa kwenda kwa watu 200, kila nakala ikiwa na jina na anwani kutoka kwenye orodha, hutengenezwa kwa amri ya kuunganisha barua. Amri hiyo ipo kwenye Word ya kompyuta. Kwenye Word ya kishikwambi haipo, na hakuna kibodi itakayoileta.

Kisha kuna programu zilizo nyuma. Mifumo ya vishikwambi imejengwa kulinda betri, hivyo programu usiyoitazama husimamishwa mapema. Unapandisha video ya GB 2 kupitia kivinjari, unahamia kwenye barua pepe kumjibu mtu, ukirudi unakuta upandishaji umekatika na unaanza upya. Programu kadhaa za hifadhi ya mtandaoni zimeandikwa vizuri na huendelea zikiwa nyuma. Kivinjari mara nyingi hakiendelei. Ukilazimika kutumia kishikwambi kwa kazi kama hiyo, ongeza muda wa kioo kujifunga na usiondoke kwenye ukurasa ule mpaka umalize.

Usisahau vitu vinavyochomekwa. Printa ya zamani inayotegemea waya wa USB na draiva yake (programu inayoiunganisha na kompyuta) haitachapa kutoka kwenye kishikwambi. Inayokubali ni ile yenye AirPrint kwa iPad, au yenye Mopria kwa Android, yaani njia za kuchapa bila draiva ya printa. Skana za mezani na vifaa vya sahihi ya kidijitali vinavyodai programu ya Windows viko kwenye kundi hilohilo. Hata VPN ya ofisi, njia salama ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi ukiwa mbali: uliza kitengo cha TEHAMA kama wanaruhusu vishikwambi kabla hujatoa pesa, kwa sababu ofisi nyingine huruhusu mashine walizozisajili wenyewe tu.

Kuna vighairi, na lazima visemwe. Vishikwambi vinavyoendesha Windows kamili, kama vile Surface Pro, ni laptopu zilizovuliwa kibodi, kwa hiyo lawama zote za hapo juu hazivihusu. Ila angalia mambo mawili. Kama vimewekwa kwenye hali ya S, vitakubali programu kutoka duka la Microsoft pekee. Kutoka kwenye hali hiyo ni bure, lakini ukitoka hurudi. Na kama vina prosesa ya ARM, aina tofauti na za Intel na AMD, draiva za printa kongwe na baadhi ya programu za VPN zinaweza kugoma, maana draiva lazima iwe imeandikwa kwa ajili ya ARM. Upande wa pili, laptopu yenye ChromeOS ina umbo la laptopu lakini haisakinishi Excel ya Windows. Umbo halisemi kitu.

Samsung DeX, hali iliyomo kwenye vishikwambi kadhaa vya Samsung, hukupa madirisha yanayopangika kama ya kompyuta, na ni kazi nzuri, lakini programu zilizomo kwenye madirisha hayo zinabaki za Android. Njia ya kweli ya kufanya kazi ya laptopu kwenye kishikwambi ni kuingia kwenye kompyuta ya ofisini kwa mbali. Hapo kishikwambi kinakuwa kioo tu na makro inakimbia kulekule ofisini. Masharti yake: kompyuta ile iwe imewashwa, intaneti isiyokatikakatika, na kipanya. Kubofya vitufe vya Windows kwa ncha ya kidole ni kujitesa bure. iPad zinakubali kipanya vizuri tangu iPadOS 13.4 ya mwaka 2020, na Android zimekikubali muda mrefu.

Ushauri ambao ningependa kila mnunuzi aufuate hauna gharama. Andika kazi 10 za mwisho ulizofanyia nyumbani, na mbele ya kila moja andika aina ya faili, tovuti uliyoingia, na kitu ulichochomeka. Kisha zijaribu kwenye simu yako, kama simu ni ya jamii moja na kishikwambi unachokitaka: iPhone kwa iPad, Android kwa Android. Simu ni kishikwambi kidogo. Utasumbuka na ufinyu wa kioo, sawa, lakini tofautisha usumbufu na kukwama. "Ni ndogo, sioni vizuri" itatibiwa na kioo kikubwa. "Amri haipo" haitatibiwa, isipokuwa amri chache zinazofichwa kwenye simu kwa kukosa nafasi. Zikikwama kazi 2 kati ya 10 na ni kazi ambazo huwezi kuziahirisha mpaka ufike ofisini, nunua laptopu.

Na kama hakuna iliyokwama? Nunua kishikwambi bila wasiwasi. Mtu anayesoma mikataba, kuweka alama kwenye PDF, kutia sahihi kwa kalamu, kuidhinisha maombi na kuhudhuria vikao vya video anahudumiwa na kishikwambi vizuri kuliko laptopu nyingi. Kamera yake mara nyingi inaishinda kamera ya 720p ya laptopu ya kawaida, na chenye nafasi ya laini ya simu hakikungoji upate Wi-Fi.

Dhana: Kishikwambi ni nafuu

Piga hesabu ya furushi zima: kishikwambi, kibodi, kipanya, adapta yenye matundu ya USB na HDMI, kalamu, na usajili wa programu. Huo wa mwisho ndio unaosahaulika. Microsoft huruhusu kuhariri bure kwenye programu zake za vifaa vya mkononi pale kioo kisipozidi inchi 10.1, tena kwa matumizi binafsi. Kishikwambi cha inchi 11 kimeshavuka mstari, na kazi ya ofisi inahitaji usajili hata kwenye kioo kidogo. Muulize mwajiri kama leseni yako inahusu vifaa vya mkononi. Mara nyingi inahusu, na watu hawajui.

Dhana: Basi laptopu yoyote itanifaa

Hapana. Laptopu mpya ya bei ya chini kabisa, yenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC (aina ya polepole) ya GB 64, ni mbaya kuliko kishikwambi cha bei ileile. GB 4 na GB 64 ndicho kiwango cha chini ambacho Windows 11 inakubali kusakinishwa, na kusakinishwa si sawa na kufanya kazi. Fungua kikao cha video, kivinjari chenye vichupo sita na jedwali moja, uone mashine inavyohema. Masasisho makubwa yatakosa nafasi ya kujifungulia. Na RAM ya mashine hizo kwa kawaida imelehemiwa kwenye bodi, haiongezwi. Chukua GB 8 na SSD (hifadhi ya kasi) ya GB 256 kama sakafu. GB 16 ukiweza.

Laptopu iliyotumika ni njia nzuri, ila soma namba ya prosesa. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache. Kizazi kimo kwenye namba baada ya kistari: i5-7200U ni cha 7, haifai, i5-8250U ni cha 8, inafaa. Usidanganywe na i5-1135G7, hiyo ni ya kizazi cha 11, si cha kwanza. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, na hakikisha toleo la TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, ni 2.0. Mwisho fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, ufungue ripoti itakayotengenezwa. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikionyesha mWh 50,000 na sasa 31,000, imebaki asilimia 62. Bei ya betri nyingine ipunguzwe kwenye bei mnayokubaliana.

Dhana: Kishikwambi hakiingiliwi na wahalifu

Programu hasidi ni ngumu zaidi kuingia, kweli. Lakini ukurasa bandia unaoiba nenosiri hauangalii umeufungua kwa kifaa gani. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na usinunue kishikwambi cha Android ambacho mtengenezaji ameshaacha kukipelekea masasisho ya usalama.

Dhana: Tundu la USB-C linatoa picha kwenye skrini kubwa

Si yote. Mengine hupitisha chaji na data tu. Tafuta maneno "DisplayPort" kwenye maelezo ya kifaa. Na hata picha ikitoka, vishikwambi vingine hurudufu kilekile kilicho kwenye kioo chao badala ya kukupa eneo la pili la kazi.

Dhana: Kifaa kinachotumika mara chache hakihitaji matunzo

Kinahitaji zaidi. Ukijua hutakigusa kwa wiki kadhaa, kizime kikiwa na chaji karibu nusu. Betri ya lithiamu iliyoachwa ikauke kabisa huweza isiamke tena, na iliyoachwa imejaa huchakaa mapema. Laptopu iliyolala mwezi mzima ikiwashwa dakika tano kabla ya kikao itaanza kupakua masasisho na kuzungusha feni wakati wewe unahangaika kuingia. Iwashe jioni ya siku iliyotangulia, ichomeke kwenye umeme na Wi-Fi, iache imalize, kisha uizime na kuiwasha tena mara moja.