Si kila kidoa kwenye damu ni mdudu wa malaria

"Kidoa chochote ndani ya seli nyekundu ni mdudu." Kati ya imani potofu tunazosikia maabara, hii ndiyo sugu kuliko zote, na hapa Moshi hushika kasi msimu wa mvua, wagonjwa wanapopanda kutoka kwenye mashamba ya mpunga huko tambarare. Lakini weka tone la mafuta, shusha lenzi ya 100 ya hadubini, utazame bila haraka. Mdudu mchanga ni kipete: mwili wa bluu, nukta nyekundu ukingoni. Ukikuta nukta moja ya zambarau iliyoiva, mviringo kama umeichoma kwa ncha ya kalamu, bila bluu yoyote, hayo ni masalia ya kiini cha seli. Huitwa vijichembe vya Howell-Jolly. Seli nyekundu ikikomaa haibaki na kiini, na kipande kikisalia bandama hukinyofoa seli inapopita. Ukiviona, uliza habari za bandama.

"Lakini hajawahi kupasuliwa, daktari!" Mama mmoja wa mtaa wa Pasua aliniambia hivyo (dirishani sisi wa maabara sote ni madaktari). Mwanawe ana sikoseli. Bandama si lazima itolewe kwa kisu: seli zenye umbo la mundu huziba mishipa yake kidogo kidogo hadi inasinyaa, mara nyingi kabla mtoto hajafika shule. Bandama husaidia kupambana na bakteria, ndiyo maana mtoto wa hivi hupewa penisilini kila siku na chanjo ya nimonia, na homa yake ni ya kukimbiza hospitali, si ya kutuliza kwa panadoli nyumbani.

"Giemsa inaonyesha kila kitu." Hiyo ndiyo rangi tunayopaka damu kwenye kioo, na haionyeshi. Vijichembe vya Heinz, yaani himoglobini iliyoharibika, kama kwa mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu) aliyekula dawa isiyomfaa, vinahitaji rangi nyingine, damu ikiwa bado mbichi.

Vinukta vya bluu vilivyotapakaa seli nzima ni sumu ya risasi? Kwa fundi wa betri, huenda. Thalasemia, ugonjwa wa kurithi wa himoglobini, nayo huvileta.

Na rangi yenyewe hudanganya. Asubuhi moja nilitumia Giemsa iliyolala, bila kuichuja, nikaona "wadudu" kwenye vioo vyote kumi, hata cha mlinzi wetu, aliyetoa damu ili tu nipate kioo cha mtu mzima wa afya.